Gereza lilikuwa kanisa: maneno yetu ya kila siku yametoka wapi?

Kila Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, inapokaribia, ujumbe uleule hufufuka kwenye makundi ya WhatsApp. Safari hii aliyeuleta kwenye kundi letu la ukoo ni baba mdogo, umeandikwa kwa herufi kubwa: ACHENI KUTUMIA NENO USTAARABU. Eti maana yake ni kugeuka Mwarabu, kwa hiyo ukimsifu mtu kuwa ni mstaarabu umemwambia ameikana asili yake. Chini ikafuata orodha ndefu ya maneno "yasiyo yetu": kitabu, meza, shule, hela, chai.

Shangazi, dada yake mkubwa ambaye hana mazoea ya kuandika, akajibu kwa sauti: "Mdogo wangu, nimekusikia. Sasa huyu mkwe akija hapa, akala, akashukuru, akaosha na chombo alicholia, nimsifu kwa neno gani? Nipe nilitumie leoleo." Baba mdogo akaandika neno moja tu: muungwana. Kundi likatulia. Mimi nikacheka peke yangu jikoni, maana muungwana nalo lina mambo yake, tena mazito kuliko hayo ya ustaarabu. Tutafika huko.

Ubishi wa aina hii hauishi kwa sababu watu wanachanganya vitu viwili. Kipo chimbuko la neno, yaani lilikotoka, na ipo maana yake, yaani kile wanachokielewa wanaolitumia sasa. Chimbuko ni kama cheti cha kuzaliwa. Cheti changu kinaweza kusema nilizaliwa Kigoma, lakini hakikwambii kama leo naendesha bajaji Mbagala au nauza samaki Feri. Kuna pia neno la mkopo, ambalo ni neno lililochukuliwa kutoka lugha nyingine. Jina lenyewe linachekesha kidogo, maana mkopo huu haulipwi na aliyekopesha hapungukiwi. Halafu kuna kuhama kwa maana: neno limebaki lilelile, lakini kile linachokitaja kimebadilika, mara nyingine mpaka kikawa kinyume cha mwanzo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni gereza.

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na kwa miaka kama mia mbili iliyofuata wakajenga, wakapigana, wakafukuzwa, wakarudi. Walikuja na mizinga na mapadri. Jengo la kusalia waliliita igreja, yaani kanisa. Ngome Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa na kanisa ndani ya kuta zake, na mabaki yake bado yanaonekana ukiingia leo. Kwa mwenyeji aliyesimama nje, kanisa na ngome vilikuwa kitu kimoja chenye ukuta mnene na askari mlangoni. Igreja ikawa gereza, na gereza likawa jina la ngome nzima. Ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani, magofu ya ngome iliyo kando ya maji yanaitwa Gereza mpaka leo. Pale neno liko nusu ya safari yake: si kanisa tena, na bado halijawa jela.

Nusu ya pili waliimalizia watawala waliofuata. Waomani waliiteka Ngome Yesu mwaka 1698. Unguja wakajenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na ngome hiyo nayo ikaja kufungiwa watu. Kisha Waingereza wakaigeuza Ngome Yesu kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ngome isiyokuwa na vita ina kazi gani nyingine, kama si kufungia watu? Ukuta mnene na mlango mmoja tayari vipo.

Sasa tazama kioja kilichobaki. Neno kanisa tulilochukua badala ya lile la Wareno limetoka katika Kiarabu. Kwa hiyo Wakristo wa Afrika Mashariki wanasali ndani ya neno la Kiarabu, huku wafungwa wakilala ndani ya neno la Wakatoliki wa Lisbon. Hakuna aliyekaa kikao akapanga hivyo.

Maneno mengine ya Wareno hayakupata misukosuko mikubwa kiasi hicho. Mengi ni majina ya vitu vya kushika: meza, bendera, kasha, pipa, parafujo, karata, foronya, mvinyo. Leso peke yake ndiyo iliyogawanyika njiani. Kwa Wareno ilikuwa kitambaa cha kufutia uso au kufungia kichwa. Wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo, wakaviunga vikawa vazi, na Mombasa leso mpaka kesho ni kile ambacho Dar es Salaam tunakiita kanga. Bara ikabaki ndogo, ya mfukoni. Mgeni kutoka Dodoma akiomba leso Mombasa ajifutie jasho, asishangae akiletewa nguo ya kujifunga yenye methali chini.

Kutoka pesa hadi hela

Hakuna mahali ambapo chimbuko na maana vimeachana waziwazi kama mfukoni. Tuna fedha, pesa na hela, na watu huniuliza zinatofautianaje. Leo, karibu hazitofautiani, ila fedha imevaa suti: inakaa wizarani na benki. Zamani vilikuwa vitu vitatu tofauti kabisa.

Fedha kwa Kiarabu ni madini yenyewe, yale meupe yanayong'aa. Maana hiyo haijafa. Mwanariadha akishika nafasi ya pili bado anavishwa medali ya fedha. Pesa inatoka India. Kwa Kihindi ni paisa, sarafu ndogo ya shaba, chenji ya rupia. Wapo wanaosema imetoka kwa Wahispania kwa sababu inafanana na peso, lakini Wahispania hawakufanya biashara hapa. Rupia na pesa zake ndizo zilizozunguka pwani. Seyyid Barghash wa Zanzibar alitoa pesa zake mwaka 1882. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikafuata na zake mwaka 1890, na hesabu ilikuwa pesa 64 kwa rupia moja. Jaribu kugawa 64 kwa watu watatu sokoni, utajua kwa nini mambo hayo yalibadilishwa.

Yalibadilishwa 1904. Serikali ya Kijerumani ikasema rupia moja sasa ni heller 100. Heller ilikuwa sarafu ya kale huko kwao, iliyopewa jina la mji wa Hall ilikotengenezwa, mji ambao leo unaitwa Schwäbisch Hall. Midomo yetu ikaitengeneza ikawa hela. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto na Waingereza wakaziba njia ya bahari, Wajerumani waliishiwa sarafu, wakazigonga wenyewe Tabora mwaka 1916. Kisha wakashindwa, wakaondoka, na mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Hela kama sarafu ikafa. Hela kama neno ikanenepa: kutoka chenji ndogo kabisa ikawa jina la fedha zote duniani. Mtu wa Mbeya akisema fulani ana hela, hamaanishi ana senti mbili. Bila kujua, anautaja mji wa Ujerumani ambao hajawahi kuufikiria.

Mpaka wa koloni hilo bado unasikika. Mkenya ana pesa. Ukisema hela Nairobi watajua umetoka upande gani wa Namanga. Ndivyo ilivyo pia kwa shule, neno lingine la Kijerumani. Hili Kiswahili sanifu kililikumbatia likavuka mpaka, lakini Zanzibar, ambako Wajerumani hawakutawala, mtoto bado anakwenda skuli. Na Waswahili wa Burundi, Rwanda na Kongo wanahesabu faranga, kwa sababu bwana wao wa zamani alihesabu hivyo.

Kuna pia thumuni, ambayo wengine huitamka sumni, senti hamsini. Kwa Kiarabu ni sehemu moja ya nane. Nane ya nini, wakati senti hamsini ni nusu ya shilingi? Ni nane ya riale, ile sarafu kubwa ya fedha iliyotumika pwani kabla ya yote haya, iliyokuja kuhesabiwa sawa na shilingi nne. Riale imetoweka, na hesabu imebaki ndani ya neno kama mfupa wa samaki ndani ya jiwe.

Hata magari yetu yalipewa majina ya nauli. Daladala limetokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano, ambayo ndiyo nauli aliyoitangaza kondakta mlangoni miaka ya 1980. Matatu za Kenya, kwa maelezo yanayokubalika, zimetokana na sarafu tatu za senti kumi ambazo abiria alilipa. Nauli zimepanda mara ngapi tangu hapo? Majina hayakupanda. Bodaboda yenyewe haina nauli jinani. Ilianza na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda, kutoka boda hadi boda. Leo inakupeleka kutoka Tandika hadi Tandale na hakuna mpaka wowote unaovuka, labda ule wa subira ya askari wa barabarani.

Simu haina uhusiano na ile kadi

Nimesikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, kwamba simu imeitwa hivyo kwa sababu ndani yake kuna "sim kadi". Ni uongo unaovutia, na unafaa kuchambuliwa kwa sababu unaonyesha jinsi mfanano unavyodanganya.

Jina la kadi hiyo ni herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza, na kadi zenyewe ni za miaka ya 1990. Simu ni neno kongwe. Ni la Kiajemi, na kwao sim ni waya. Waya wa mawasiliano ulipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar mwaka 1879, na habari iliyokuja kwa waya ikaitwa kwa jina la waya. Wazee wetu walipeleka simu ya maandishi posta, wakilipia kwa neno, ndiyo maana ujumbe wa msiba ulikuwa mfupi kiasi cha kuogopesha. Baadaye simu ikawa chombo cha kuongelea chenye waya ukutani. Ikaja simu ya upepo, ile ya polisi na ya mashamba ya mbali, na ukiifikiria kwa chimbuko lake ni "waya wa upepo". Sasa tuna simu za mkononi zisizo na waya kabisa, isipokuwa ule wa chaji ambao kila nyumba una mwenyewe na kila siku umepotea.

Na kuna jambo moja la ziada ambalo huwa naona haya kulisema mbele za watu kwa sababu linanifurahisha kupita kiasi. Kwa Kiajemi, kabla ya kuwa waya, sim ni yale madini meupe: fedha. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 tunatuma fedha kwa simu. Ukirudi kwenye machimbuko yote mawili, tunatuma madini ya fedha kwa njia ya madini ya fedha.

Maneno mengine pia yamebaki wakati kitu chenyewe kimebadilika mikononi mwetu. Sufuria ina chimbuko katika neno la Kiarabu la shaba, na leo yako ni ya alumini. Meli ilikuwa barua, kwa maana ya meli za Waingereza zilizobeba posta. Nahodha ni bwana wa chombo kwa Kiajemi, na leo anaingia uwanjani na kitambaa mkononi, anachagua upande wa sarafu, na huenda hajawahi kupanda hata pantoni ya Kigamboni. Hapa hakuna kosa lolote. Kazi ilibaki ileile, ya kuongoza wenzako, na neno likaifuata kazi.

Siasa, hongo na chai

Kuna maneno yanayohama kwa sababu watu wameyachafua.

Siasa kwa Kiarabu ni ya ukoo mmoja na kazi ya kutunza farasi: kumlisha, kumsugua, kumzoeza hatamu. Kiswahili kinalo neno saisi, mtunza farasi, ambalo ni ndugu wa damu wa siasa. Kutoka kuongoza farasi hadi kuongoza watu si mbali, na msomaji atajaza mwenyewe nani ni farasi. Lakini kamusi za zamani za Kiswahili zina maana nyingine inayoshangaza: upole, utaratibu, kufanya jambo bila papara. Kumwendea mtu kwa siasa kulikuwa kumwendea taratibu, kwa maneno laini. Jaribu kuisema maana hiyo siku za kampeni.

Hongo ilianza juani, si gizani. Karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulilazimika kupita Ugogo, nchi kavu ambako mwenye kisima ndiye mwenye neno. Watawala wa Kigogo walidai hongo: shanga, waya wa shaba, na vitambaa, hasa merikani, kile cheupe cha pamba kilichobeba jina la nchi kilikofumwa. Ilijadiliwa hadharani, wakati mwingine siku kadhaa, na ukishalipa unapita kwa amani na kunywa maji. Ilikuwa ushuru wa njia, kama tunavyolipa leo darajani Kigamboni. Watawala wale walipopokonywa mamlaka na wakoloni, ushuru ukakosa mwenyewe wa halali. Neno likabaki na maana ya malipo anayoyadai mtu kwa sababu amesimama njiani. Ukifikiria vizuri, hiyo haijabadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba aliyesimama njiani siku hizi tayari analipwa mshahara.

Tunapoona aibu, tunaita hongo kwa majina ya ukarimu. Chai ni mojawapo, na Kenya kuna kitu kidogo. Tanzania iliwahi kuwa na mfano mzuri kuliko yote: takrima. Ni neno la heshima kwa chimbuko, la kumkirimu mgeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu wagombea kutoa takrima, na 2006 Mahakama Kuu ikaifuta kwa kuwa inapingana na Katiba. Sheria ilikufa, na neno halikupona. Mwambie mgeni wako leo kwamba umemfanyia takrima, uone atakavyokutazama.

Fisadi lilipita njia nyingine. Kwa wazee wetu lilikuwa zaidi la mwanamume anayeharibu wake na mabinti wa watu. Kuanzia 2007 na 2008, zilipovuma kashfa za EPA (fedha za Benki Kuu) na Richmond (mkataba wa umeme) nchini Tanzania, magazeti yakalihamisha kutoka chumbani hadi hazina. Kijana wa miaka ishirini leo ukimwambia jirani ni fisadi, atakuuliza ameiba wizara gani.

Neno hupewaje uraia?

Ile orodha ya baba mdogo ya maneno "yasiyo yetu" ilianza na kitabu, na hapo ndipo ilipojikwaa. Ni kweli kitabu ni la Kiarabu, na ile ki ya mwanzo kule ni sehemu ya neno lenyewe, haiwezi kung'olewa. Mswahili alipolisikia, sikio lake lilisikia ki ya kiti na kisu. Akasema vitabu. Mwarabu akisikia vitabu haelewi ni nini. Hicho ndicho cheti cha uraia: siku neno lilipokubali kubeba wingi wetu, liliacha kuwa la watu wengine. Mwalimu ni hivyohivyo. M ile ya Kiarabu tukaigeuza kuwa ya mtu, wingi ukawa walimu.

Mchezo huu bado unaendelea mitaani bila kibali cha baraza lolote. Mafundi gereji walisikia jina la Kiingereza la bati linalozuia tope juu ya gurudumu, mudguard, wakaona lina ma ya wingi mbele, kama mayai. Basi moja ikawa digadi, nyingi zikawa madigadi. Kibao cha Kiingereza cha kumwambia dereva akae kushoto, keep left, kikawa kipilefti, na mji wenye mizunguko mingi una vipilefti vingi. Mwanafunzi wa isimu anaweza kujifunza ngeli nzima kwa kusikiliza mafundi wa Gerezani, mtaa ambao, bila shaka umeshaona, nao una jina la kanisa.

Kwa sababu hiyo, idadi ya maneno ya Kiarabu haikifanyi Kiswahili kuwa Kiarabu. Kiunzi chake ni cha Kibantu: mtu, maji, jicho, kula, kufa, na namna maneno yanavyopatana katika sentensi. Nyumba hujulikana kwa nguzo zake, hata kama mapazia yametoka Muscat. Hata hivyo, tusijidanganye kwamba mkopo haugusi vitu vya ndani. Hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, zote za Kibantu. Sita, saba, zinatoka Kiarabu. Nane, ya Kibantu. Tisa, Kiarabu tena. Kwa majirani zetu wa Tanga, Wasambaa na Wazigua, utasikia mtandatu, mfungate, mnane, kenda, na Kiswahili cha zamani nacho kilikuwa na maneno ya ukoo huo. Saba ya Kibantu haikuondoka yote. Imebaki ndani ya fungate, zile siku saba za maharusi. Maharusi wa siku hizi wakisema wanakwenda fungate ya wiki mbili Nungwi, wamesema "saba ya siku kumi na nne". Waacheni wafurahi.

Kwa hiyo ukiletewa asili ya neno kwenye simu, uliza maswali ya kawaida tu, yale ungemuuliza mtu anayekuuzia kiwanja. Aliyelileta neno alipita hapa lini? Alikuwa na biashara gani na sisi? Kuna mahali pengine palipoachwa alama ileile? Kariakoo inajibu yote matatu. Wakati wa Vita vya Kwanza, Waingereza waliwakusanya Waafrika kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, katika kikosi walichokiita Carrier Corps. Dar es Salaam kambi yao ilikuwa pale palipo na soko leo. Nairobi nayo ina Kariokor, yenye historia ya kikosi hichohicho. Mji mmoja ungeweza kuwa bahati. Miji miwili ni ushahidi. Dar es Salaam yenyewe ni mfano wa upande wa pili: wengi wanasema maana yake ni bandari ya salama, kwa sababu bandari ipo na inaonekana. Lakini dar kwa Kiarabu ni nyumba au makazi. Bandari tumeitia wenyewe.

Turudi kwa shangazi na mkwe wake.

Kuhusu ustaarabu, baba mdogo hakukosea chimbuko. Limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuwa Mwarabu au kufuata mambo ya Waarabu, na lilipata nguvu karne ya 19, Zanzibar ilipokuwa chini ya masultani wa Busaidi na mavazi, mapishi na adabu za kasri ndizo zilizokuwa kipimo cha mtu mkubwa. Alichokosea ni kudhani kwamba shangazi anapomsifu mkwe anayazungumzia hayo. Yeye anazungumzia chombo kilichooshwa.

Na muungwana alilolitoa kama dawa? Hilo ndilo lililotangulia pwani kama neno la sifa, na maana yake ya kwanza haikuwa tabia njema. Ilikuwa hali ya kisheria: mtu aliyezaliwa huru, asiyekuwa mtumwa. Ukimwita mtu muungwana ulikuwa unasema hana bwana, na ukikaa kimya kuhusu mwenzake, mwenzake ameelewa. Tabia njema iliongezwa juu, kwa kuwa waungwana ndio walioandika ni nani mwenye tabia njema. Uhuru nao ulikuwa wa aina hiyo kabla ya kuwa bendera na wimbo: mtumwa aliachiwa huru, mmojammoja, kwa hati. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukapigwa marufuku huko 1897, na miongo sita baadaye neno lilelile likapigiwa kelele viwanjani kwa ajili ya nchi nzima kwa mkupuo.

Kisha muungwana lilifanyiwa kitu ambacho waliolitunga hawakukitarajia. Wapagazi na askari wa misafara waliotoka pwani kwenda bara, wengi wao wakiwa watumwa au watu waliokuwa watumwa, walijiita wenyewe waungwana. Wasafiri wa Kizungu waliwaandika hivyo kwenye vitabu vyao. Neno lililotengenezwa kuwaacha nje walilivaa wakaondoka nalo, wakavuka Tanganyika, wakafika Manyema. Kiswahili walichokipanda huko mashariki mwa Kongo kiliitwa Kingwana.

Nililiandika hili kundini, kwa kirefu kidogo kuliko ilivyofaa saa nne usiku. Baba mdogo alikaa kimya muda, kisha akaandika: "Basi tuseme mtu mwema. Hilo ni la Kibantu, sivyo?" Nikamwambia ndiyo, hilo halina tatizo.

Shangazi akaleta sauti yake. "Mwema kwa kuosha sahani moja? Ngojeni kwanza. Nimwangalie mpaka mwezi wa tatu."